Maamuzi ya mfumo mnayaandika wapi? Grupu la WhatsApp limetushinda

#1 fundi_ntinda
Habari za humu. Niende moja kwa moja. Sisi ni timu ndogo tunatengeneza mfumo wa SACCO, wengi tuko Kampala, mmoja Gulu, mwingine Nairobi. Maamuzi yetu yote makubwa, mbona tulichukua hifadhidata ya PostgreSQL, mbona miamala ya mobile money inapita kwenye foleni kwanza kabla ya kugusa leja, mbona tulikataa kuvunja mfumo kuwa maikrosevisi (huduma ndogondogo zinazojitegemea), yote yamezikwa kwenye grupu la WhatsApp katikati ya pongezi za harusi na picha za mechi. Juzi kijana mpya akauliza swali la haki kabisa, kwa nini salio la mwanachama halijahifadhiwa mahali, linajumlishwa upya kutoka kwa miamala kila mara? Tukabaki tunaangaliana. Aliyeamua hivyo alishahama kazi na laini ya simu akabadilisha.

Msimamo wangu: uamuzi usiokaa ndani ya repo (hazina ya msimbo inayotunza historia ya mabadiliko kwa Git), karibu na msimbo wenyewe, haupo. Nataka tuhamie ADR (Architecture Decision Record, rekodi ya uamuzi wa mfumo), faili fupi za Markdown kwenye Git, faili moja uamuzi mmoja. Meneja anataka Confluence, ile tovuti ya nyaraka za timu. Mhasibu wetu, na huyu ndiye anajua kanuni za mikopo kutupita sisi wote, anataka Google Docs maana Git haijui. Nyie mnatumia nini, na je, kimedumu?

#2 MamaSeva
Repo. Sisi tunatumia adr-tools ya Nat Pryce, ni skripti ndogo tu za kwenye terminali. Unaandika adr new na jina la uamuzi, inakutengenezea faili yenye namba ndani ya doc/adr na vichwa vyake tayari: hali, muktadha, uamuzi, matokeo. Ukibadilisha mawazo hufuti ya zamani, unaandika mpya kwa -s na namba ya ile ya zamani, yenyewe inaenda kuandika kwenye ile kwamba imechukuliwa nafasi na hii. Historia inabaki yote. Imedumu kwetu, na watu wameingia na kutoka.

#3 boda_dev
Samahani wakubwa, mimi bado mgeni kwenye haya mambo. ADR ni ripoti ya namna gani, ndefu? Kwetu tulishaandikiwa dokumenti ya kurasa mia na hakuna aliyeisoma.

#4 MamaSeva
@boda_dev hapana mdogo wangu, ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili. Michael Nygard aliyeuanzisha mtindo huu mwaka 2011 alisema wazi kwamba dokumenti kubwa hakuna anayezisasisha. Ndiyo maana kila uamuzi unakaa peke yake. Hali inaweza kuwa imependekezwa, imekubaliwa, imeachwa, au imebadilishwa na namba fulani. Matokeo unaandika yote, mazuri na mabaya. Hapo kwenye mabaya ndipo watu wanakimbia.

#5 mzee_wa_mbale
Nnyabo MamaSeva yote sawa isipokuwa neno "aliyeuanzisha". Nygard alitupa templeti nyepesi na ikapendwa kwa haki, ila kuandika sababu za maamuzi ya kiufundi ni jambo la zamani sana. RFC 1 (Request for Comments, andiko la kuomba maoni) ya Steve Crocker ni Aprili 1969, na zile RFC ndizo zilizojenga intaneti, watu wanapendekeza kwa maandishi na wengine wanajibu kwa maandishi. Mwaka 1970 Kunz na Rittel wakaja na IBIS, njia ya kuandika suala, misimamo juu ya suala hilo, na hoja za kila msimamo. Halafu 1988 Conklin na Begeman wakaifanya programu, gIBIS, watu kadhaa wanaingia kwenye kompyuta tofauti wanajenga mti wa hoja kwa pamoja. Yaani hicho chombo cha kushirikiana tunachokitafuta leo kilishajaribiwa kabla wengi humu hawajazaliwa.

#6 jogoo_la_kikuubo
Mzee ulikuwepo 1969 ukichukua minitsi? 😂

#7 mzee_wa_mbale
Nilikuwa bado nanyonya ssebo. Lakini kusoma najua.

#8 WestNile_dev
Nimpe nguvu mleta uzi kwa kisa. Januari 2021, kuelekea uchaguzi wa tarehe 14, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18, na mitandao ya kijamii ikachelewa zaidi. Tulikuwa Arua na mfumo wa vituo vya afya, tablet zinakusanya data bila mtandao halafu zinasinki baadaye. Siku hizo ndizo tulizohitaji kujua tulikubaliana nini kuhusu migongano, rekodi ya mgonjwa mmoja ikibadilishwa kwenye tablet mbili nani anashinda. Jibu lilikuwa kwenye dokumenti ya wingu, na wingu limefungwa. Ila mwenzetu mmoja kwa hiari yake alikuwa amenakili maamuzi machache kwenye repo, tukachomeka waya kati ya laptop mbili, tukavuta repo yake, tukasoma, kazi ikaendelea. Git haihitaji GitHub, tovuti ya kuweka repo, ili ipumue, kila mtu ana nakala nzima. Tangu hapo sijadili tena na mtu.

#9 dada_mbarara
@WestNile_dev pole, na kisa chako nakikubali chote, lakini unajibu swali la wapi faili ikae. Mleta uzi ana mhasibu. Huyo mhasibu atafungua PR (ombi la kuingiza mabadiliko kwenye repo)? Kwetu tulihamisha kila kitu kwenye Git kwa furaha, na kilichotokea ni kwamba watu wa fedha, watu wa huduma kwa wateja, hata bosi, wote wakatoka kwenye mazungumzo, maamuzi yakabaki ya madevelopa peke yao. Miezi ikapita, tukagundua tumeamua vizuri sana kitu ambacho biashara haikukitaka.

#10 fundi_ntinda
@dada_mbarara hapo umenigusa. Mlifanyaje?

#11 dada_mbarara
Mjadala unaanza Google Docs, kila mtu anaweka komenti kwa jina lake, kuna tarehe ya mwisho. Ikifika, mtu mmoja anabeba muhtasari kuupeleka repo kama ADR na linki ya dokumenti ndani yake. Udhaifu wake ni huyo mtu mmoja. Akiwa likizo hakuna ADR.

#12 kipanya_jinja
Mnatafuta tatizo kwenye chombo ilhali tatizo ni madaraka. Nimefanya kazi ofisi kadhaa hapa nchini, uamuzi unafanywa na mkubwa kwenye simu akiwa njiani Entebbe, saa hiyohiyo unaambiwa "tumeamua". Sasa wewe junia utaandika nini kwenye muktadha? "Bosi amesema"? Leta Confluence, leta Git, leta daftari la kaunta, kama uamuzi haujadiliwi hakuna cha kurekodi. ADR ni ya timu ambazo zinaruhusiwa kubishana.

#13 MamaSeva
@kipanya_jinja nakataa. Andika hivyohivyo. "Muktadha: mkurugenzi ametaka tuanze na mteja huyu kabla ya mwezi wa sita, muda hautoshi kujenga upya, kwa hiyo tunabaki na mfumo wa zamani." Huo ni muktadha halali kabisa, tena unamlinda aliyekuja kuulizwa baadaye. Nimeshaona ADR ya namna hiyo ikisomwa kwenye kikao na mkurugenzi mwenyewe akasema sawa, sababu ile haipo tena, badilisheni.

#14 kipanya_jinja
Una mkurugenzi mzuri dada. Mshikilie.

#15 Nile_Perch
Mimi naona ni woga. Karatasi yenye jina lako ni ushahidi. Mfumo ukianguka, wa kwanza kutafutwa ni yule aliyesaini. WhatsApp watu wanaipenda kwa sababu inapotea, na kile mleta uzi anaona ni ubovu wa WhatsApp wengine wanaona ndiyo faida yake. Mpaka ofisi iache kuwinda mtu, hata ukiweka templeti ya dhahabu watu wataandika mambo matamu tu, matokeo mabaya wataacha wazi.

#16 boda_dev
@Nile_Perch hii imeniingia. Kwetu sehemu ya matokeo huwa inajazwa "mfumo utakuwa na kasi zaidi", basi.

#17 mwanasheria_wa_data
Mimi ni msomaji tu humu mara nyingi ila leo nichangie. Tulirithi mfumo wenye ADR, tukafurahi kweli. Moja ilisema "data zote zikae seva ya ofisini Kampala kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza data kupelekwa nje ya Uganda". Timu ikaishi na hiyo seva, umeme ukikatika jenereta, diski zikijaa safari ya kwenda kununua, miaka. Sheria haisemi hivyo! Inaruhusu kuchakata au kuhifadhi nje ya nchi kama nchi hiyo ina ulinzi unaolingana angalau na wa kwetu, au mwenye data ameridhia. Kwa hiyo tahadharini, rekodi iliyoandikwa vizuri na kwa kujiamini inaweza kubeba kosa mbali kuliko uvumi, maana uvumi watu wanauhoji, faili yenye namba na neno "imekubaliwa" hakuna anayeigusa.

#18 WestNile_dev
Lakini ndugu, si kwa sababu iliandikwa ndiyo mmeweza kuiona na kuipinga? Ingekuwa kichwani mwa mtu mngerithi seva tu bila sababu, mkadhani ni mambo ya bajeti.

#19 mwanasheria_wa_data
Ni kweli tuliiona. Ila tuliiona tumechelewa, na walioisoma kabla yetu walikuwa wengi.

#20 MamaSeva
Hapo dawa ni kuandika sababu kwa namna inayoweza kukaguliwa. Mfano wetu: mwanzoni tuliweka seva za AWS (wingu la Amazon) Ireland, na kwenye muktadha tukaandika kwamba kwa wakati ule AWS hawana eneo lolote Afrika. Aprili 2020 wakafungua Cape Town. Mtu akisoma leo anaona mara moja kwamba ile sababu imekufa, anafungua uamuzi mpya. Tungeandika "Ireland ni bora" tungebishana mpaka kesho.

#21 mzee_wa_mbale
Safi sana #20. Muktadha uwe na tarehe na vitu vinavyoweza kubadilika.

#22 jogoo_la_kikuubo
Na ushuru wa mobile money je? Nilikuta kwenye mfumo mmoja hesabu ya 1% kwenye kila kitu, kuweka, kutuma, kutoa, imeandikwa ndani ya msimbo bila maelezo. Nikadhani ni wizi wa developa 😂

#23 kijana_wa_lira
Si ilikuwa 0.5%?

#24 mwanasheria_wa_data
Zote mbili ni kweli kwa nyakati tofauti. Julai 2018 ilianza 1% na ikagusa miamala kwa upana, kelele zikawa nyingi, Novemba mwaka huohuo ikashushwa 0.5% na ikabaki kwenye kutoa pesa peke yake. Kwa hiyo huyo developa aliyeandika 1% pengine alikuwa sahihi siku aliyoandika.

#25 jogoo_la_kikuubo
Basi namwombea msamaha popote alipo.

#26 kijana_wa_lira
Turudi kwenye vyombo. adr-tools ina kero moja MamaSeva hajaisema. Namba zinafuatana, kwa hiyo watu wawili kwenye matawi tofauti kila mmoja anazaa 0012, mkiunganisha kuna 0012 mbili. Sisi tulihamia Log4brains, majina ya faili yanaanza na tarehe kwa hiyo hakuna kugongana, na juu yake inatengeneza tovuti ndogo ya kusoma na kutafuta. Mhasibu wa mleta uzi anapewa linki anasoma kwenye brauza kama gazeti. Templeti yake ya kuanzia ni MADR, ina sehemu ya machaguo yaliyofikiriwa, ile ya Nygard haina.

#27 dada_mbarara
Anasoma sawa. Kuandika je?

#28 kijana_wa_lira
Kuandika bado ni Git 😅 Hapo sina jibu. GitHub inakubali kuhariri faili kwenye brauza na kufungua PR bila kusakinisha kitu, tuliwafundisha watu wa fedha, mmoja aliendelea, wengine wakarudi kutuma sauti WhatsApp.

#29 mzee_wa_mbale
Hiyo sehemu ya machaguo ya MADR ndiyo kilio cha watu wa IBIS tangu zamani, kwamba uamuzi bila yale yaliyokataliwa ni nusu. Mtu akija baadaye atapendekeza kilekile mlichokikataa. Ila niseme na upande wa pili kwa haki: gIBIS na ndugu zake hazikuenea, kwa sababu kupanga kila sentensi ya mjadala kuwa suala au msimamo au hoja kunachosha, watu wanaacha kufikiri wanaanza kupanga. Kati ya kuandika kila kitu na kuandika neno moja kuna mahali, na mahali hapo hakuna chombo kitakachokutafutia.

#30 fundi_ntinda
Mzee, mahali hapo kwa maoni yako ni wapi?

#31 mzee_wa_mbale
Sentensi moja ndefu ya Olaf Zimmermann, mtaalamu wa usanifu wa programu, wanaiita Y. Naiweka kwa Kiswahili: Katika hali ya ___, tukikabiliwa na ___, tuliamua ___ na kuacha ___, ili tupate ___, tukikubali kubeba ___. Mtu akishindwa kujaza hayo mapengo, bado hajaamua. Akiweza, hata akiiweka kwenye WhatsApp itasaidia, mradi mtu aihamishe.

#32 kipanya_jinja
"Mradi mtu aihamishe." Tumerudi kwa mtu tena.

#33 Gulu_kwetu
Kuna kitu hakijaguswa. Miradi mingi huku kaskazini ni ya wafadhili. Mkataba una mwanzo na mwisho, timu inakusanywa, inajenga, inatawanyika, msimbo unakabidhiwa ofisi nyingine ambayo haikuwepo. Mtu wa mkataba mfupi anaandikaje kwa ajili ya miaka ambayo hatakuwepo wala hatalipwa? Wala si mvivu jamani, kwenye mkataba wake kuna "mfumo unaofanya kazi", hakuna "sababu za mfumo". Sisi tulipambana mpaka folda ya ADR ikaingizwa kwenye orodha ya vitu vya kukabidhi, bila hiyo malipo ya mwisho hayatoki. Ndiyo kitu pekee nilichoona kikifanya kazi bila kutegemea roho nzuri ya mtu.

#34 Nile_Perch
Halafu wanaandika zote usiku mmoja kabla ya makabidhiano.

#35 Gulu_kwetu
Wengine ndiyo. Lakini Git inaonyesha tarehe, na sisi tunaangalia.

#36 boda_dev
Jamani na AI? Mwenzangu anaipa msimbo wote inamwandikia ADR ishirini kwa mpigo, Kiingereza kimenyooka.

#37 MamaSeva
Inaona msimbo, haikuwepo kwenye kikao. Itakwambia PostgreSQL ilichaguliwa kwa sababu ya uthabiti wa miamala, kumbe ilichaguliwa kwa sababu ndiyo pekee aliyekuwa zamu anaijua. Sababu ya kubuni ni mbaya kuliko pengo. Kuinyoosha lugha ya rasimu uliyoandika mwenyewe, hapo sina ugomvi.

#38 WestNile_dev
Na hicho Kiingereza kilichonyooka nacho kina lake. Kwetu tulibishana kwa Kiswahili na Kilugbara, hoja kali kabisa, halafu mwandishi anageuza Kiingereza na nusu ya hoja inabaki chumbani. Sasa tunaandika muktadha kwa lugha tuliyobishania, kichwa tu Kiingereza. Wageni walilalamika kidogo, wakazoea.

#39 kijana_wa_lira
Na akija mtu wa Kampala asiyejua Kiswahili?

#40 WestNile_dev
Atauliza, na akiuliza atapata zaidi ya kilichoandikwa 🙂

#41 fundi_ntinda
Webale nyo wote. Nimejaribu moja kwa templeti ya MADR iliyopunguzwa, nimekaa na mhasibu, yeye anasema mimi naandika. Ipigeni mawe:

*Salio la mwanachama lijumlishwe kutoka leja*
*Hali: imependekezwa.*
*Muktadha: Majibu ya malipo ya mobile money yanaweza kuchelewa au kuja mara mbili. Salio lililohifadhiwa kama namba moja likiharibika, mhasibu hana njia ya kujua liliharibika wapi. Wakaguzi wanataka kuona kila shilingi ilipotoka.*
*Machaguo: (a) namba moja inayobadilishwa, (b) leja peke yake, (c) leja pamoja na salio linalofungwa kila usiku.*
*Uamuzi: (c).*
*Matokeo: Jibu likija mara mbili litatambuliwa kwa namba ya muamala na kukataliwa. Menyu ya USSD itasoma salio la usiku na kuongeza miamala ya leo, hivyo itachelewa kidogo siku zenye kazi nyingi. Kufunga usiku kukishindwa, mtu lazima aamke.*

#42 MamaSeva
Nzuri mno. Hiyo "mtu lazima aamke" usiifute. Ongeza ni nani.

#43 dada_mbarara
Mhasibu anasema, wewe unaandika. Hiyo ndiyo njia ambayo sikuifikiria. Naenda kuijaribu Jumatatu.

#44 mwanasheria_wa_data
Wakaguzi wanataka kwa kanuni gani? Itaje. Bila hivyo ni ile "sheria inakataza" yangu tena.

#45 kipanya_jinja
Na mimi nina swali moja tu. Hapo imeandikwa "imependekezwa". Nani ana haki ya kuigeuza "imekubaliwa"? Mhasibu? Wewe? Meneja wa Confluence?

#46 fundi_ntinda
Nilifikiri yeyote kati ya wakubwa wawili wa timu akiidhinisha PR.

#47 MamaSeva
Kwetu ni kimya. Siku tano bila pingamizi la maandishi, imekubaliwa.

#48 Nile_Perch
Kimya? Nusu ya watu humu nchini wanapinga kwa kunyamaza. Mimi nisingeikubali hiyo hata kidogo, nataka jina la kila aliyehudhuria na alichosema.

#49 Gulu_kwetu
Ukidai majina yote tunarudi kwenye woga uliousema mwenyewe kwenye #15. Chagua moja ssebo.

#50 Nile_Perch
Sichagui. Woga unaisha watu wakiona wakubwa nao wameandika majina yao kwenye matokeo mabaya. Waanze wao.